Mwalimu wa Pumzi na Njia ya Birere

Mwalimu hakuwa mtu wa kukuangalia usoni kwanza. Alianza na mabega. Ulimkuta mlangoni mwa chumba chake pale hospitali, ukamwamkia, na yeye bado yuko kwenye mabega yako, anatazama kama yanapanda unapovuta pumzi. Akisharidhika ndipo alipokuja kwenye macho na kukuuliza habari za nyumbani. Wengine walisema ana kiburi. Hata mimi nilifikiri hivyo siku ya kwanza nilipompeleka mume wangu.

Hospitali walimwita kine, yaani mtu wa mazoezi ya viungo. Sisi wenye wagonjwa wa kifua na wa moyo tulimwita Mwalimu, kwa sababu hakutugusa sana. Alitufundisha. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha mtu anayesoma habari, jambo lililowachekesha sana wanawake wa mtaa wetu wa Mbugangari.

"Mwalimu, Kiswahili yako ni ya redio," walimwambia. "Sasa tufunge ao tuongeze sauti?"

"Ongezeni," alijibu. "Betri ni zenu."

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Kifua kikuu kilimshika, akameza dawa zote, akapona. Lakini mapafu yalibaki na makovu. Alipanda ngazi tatu za duka akashika ukuta. Ng'ambo ya mpaka, kule Birere mjini Goma, kulikuwa na dada yake mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufa. Magoti ya dada yalikuwa yamekwisha, hatoki nyumbani. Mpaka mdogo unavukwa kwa miguu, na mume wangu hakuwa na pumzi ya kuuvuka. Mtu na dada yake walikuwa karibu kiasi kwamba mvua ikinyesha kwa mmoja inamlowesha na mwingine, na bado hawaonani.

Siku ile ya kwanza Mwalimu alimuuliza anataka nini. Nilitarajia mume wangu aseme anataka kupona.

"Mi nataka kufika kwa yaya yangu," alisema, yaani dada yake mkubwa. "Na miguu yangu. Hapana kubebwa."

"Ni mbali?"

"Hapana, iko karibu. Hapa tu ng'ambo."

"Karibu kwa nani?" Mwalimu aliuliza.

Mwalimu akasogeza kiti, akakaa mbele yake, akasema polepole: "Mzee, sitakudanganya. Makovu hayaondoki. Mapafu uliyo nayo leo ndiyo hayo. Lakini miguu yenye nguvu inaomba hewa kidogo kuliko miguu dhaifu. Tutafundisha miguu."

Nilikuwa nimezoea watu wa hospitali wanaosema itakuwa sawa. Huyu alisema haitakuwa sawa, kisha akatupa kazi ya kufanya. Tulitoka pale tukiwa wepesi, na hadi leo sijui kueleza kwa nini.

Alipenda vyombo vyake kama mkulima anavyopenda jembe zuri. Alikuwa na simu kubwa ya kioo, aliyoifunga kwa mpira wa ndani ya tairi ili isipasuke ikianguka, na alikuwa na mwanasesere wa kufundishia jinsi ya kumrudisha mtu ambaye moyo umesimama. Mwanasesere huyo alikuwa kichwa na kifua tu. Ukimkandamiza kifua, simu inaonyesha taa: nyekundu ukikosea, kijani ukipatia. Mwalimu alimwita Mgeni. "Mpisheni Mgeni apite," alisema akiingia naye kanisani au sokoni. Alimsafirisha kwa pikipiki, amemkumbatia mbele ya tumbo, na siku moja kule Mahoko polisi aliwasimamisha akitaka kujua kwa nini mtu wa tatu hana kofia.

Nilikuwepo alipowafundisha wanawake wanaovusha bidhaa mpakani. Walimtazama Mgeni kwa huruma.

"Mana yanjye, Mungu wangu! Mwalimu, uyu mutu miguu yake iko wapi?"

"Hana. Nyinyi shughulikieni kifua."

"Bon, tumuombee kwanza."

Wakaomba kweli. Kisha mmoja akaona haiwezekani mtu kulala kifua wazi mbele ya watu, akamfunika na kitenge chake, akakichomeka vizuri kila upande. Wakakandamiza juu ya kitenge, mikono ikateleza, taa haikutoka kwenye nyekundu. Mwalimu alikiondoa. Wakakirudisha. Akakiondoa tena.

"We Mwalimu, hauone iko uchi?"

Wakati ule nilidhani angefoka, maana alikuwa mtu wa kufoka. Alifoka wakiongea wakati wa somo, alifoka mtu akija amechelewa. Lakini kwa hilo hakufoka. Alifikiri kidogo, kisha akawaambia: "Mwombeni radhi. Mwambieni, mama, nisamehe, ninakufungua. Lakini semeni huku mikono inafanya kazi. Msisimame kuomba radhi." Ikawa hivyo. Hadi leo ukimkuta mwanamke aliyefundishwa pale mpakani, anajua kwamba nguo hufunguliwa na radhi huombwa kwa wakati mmoja.

Wavuvi wa Nyamyumba walikuwa na kosa lao lingine. Hao huvua sambaza, vile visamaki vya ziwani, usiku, na hupiga kasia wakiimba. Mwalimu alipowapa Mgeni, walikandamiza wakiimba, kwa nguvu nzuri, mabega mapana, na taa ikabaki nyekundu. Walikuwa wanakwenda kwa mwendo wa kasia. Mwendo huo ni wa kufika mbali bila kuchoka, na moyo uliosimama hauna muda wa kufika mbali. Mwalimu aliwauliza kama hawana wimbo mwingine.

"Iko ile ya kurudi," mmoja alisema. "Wakati tuko na njaa na bibi amepika."

"Imbeni huo."

Wakaimba ule wa njaa, na taa ikageuka kijani, na wakaruka juu kama timu yao imefunga bao. Muda ulipita, wakamtoa majini mwenzao aliyekuwa amezama. Walimpulizia pumzi, wakamkandamiza, akatapika maji, akalia. Walimpigia Mwalimu simu wote wakiongea pamoja. Yeye hakuwasifu. Aliwauliza nani alichoka kwanza, na nani alimpokea, na kama waliachia kifua kiinuke chote kabla ya kukandamiza tena. Mfanyakazi mwenzake aliniambia baadaye kwamba Mwalimu alipokata simu alikwenda nyuma ya jengo, akasimama ameshika bomba la mvua kwa mikono miwili.

Na mtu huyu aliogopa maji. Hilo lilinishangaza mno. Aliwafundisha watu wa ziwani, lakini hakuwahi kupanda mtumbwi. Walimkaribisha kila mara, wakamchokoza.

"Mwalimu, ingia basi, tukuzamishe kidogo, tuone kama tulijifunza muzuri!"

"Nitazama na alama zenu zote za mtihani," aliwajibu, akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye mchanga uliolowa.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Aliwasukuma wagonjwa watembee, na yeye alipanda pikipiki hata kwenda kanisani. Alipima vidole vya watu wote kwa kifaa kidogo cha kubana, na kidole chake hakukitoa. Nilimwomba siku moja nione namba yake, kwa utani tu. Akaingiza mkono mfukoni.

Kifaa hicho cha kubana kidole, kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu, alituazima tukae nacho nyumbani. Kila asubuhi, baada ya mazoezi, mume wangu alipaswa kupiga picha ya namba na kumtumia Mwalimu. Kwa majirani ilikuwa kama sherehe. Walikuja kupimwa wote. Binti mmoja aliyepaka rangi nzito kwenye kucha alisomewa namba mbaya, akaanza kulia akiaga ndugu zake, mpaka Mwalimu alipopigiwa simu na kusema afute rangi.

Asubuhi moja mume wangu aliamka vibaya. Aliogopa Mwalimu akiona namba atamzuia kutembea, na Birere itakuwa mbali tena. Jirani yetu mwendesha pikipiki alikuwa kwetu anakunywa chai. Mume wangu akamwomba kidole, akapiga picha, akatuma. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua sambaza za kuuza. Niliporudi nilikuta wawili hao wamekaa kama wezi, wanasikiliza sauti iliyorudi kwenye simu.

"Mzee, hongera," Mwalimu alikuwa anasema. "Leo una mapafu ya kijana, na chini ya kucha una oili ya pikipiki. Mwambie kijana huyo ni mzima, aende kazini. Sasa nitumie kidole chako."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatuma namba ya kweli, na ilikuwa mbaya. Mchana Mwalimu alikuja mwenyewe. Hakumgombeza. Alimpunguzia mazoezi kwa siku chache, akamkumbusha kupuliza pumzi polepole kama anayepoza chai, na alipokuwa akivaa viatu mlangoni alisema, "Namba mbaya ya kweli ninaweza kufanya nayo kazi, Mzee. Nzuri ya uongo nitaifanyia nini?"

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nikilikumbuka, hata nikiwa sokoni, huwa ninaacha kuongea.

Mume wangu alianza kutembea kwenye mtaa wetu na simu aliyopewa na Mwalimu shingoni. Simu ilichora njia yake kwenye ramani, kijani alipokwenda vizuri, nyekundu alipopungua. Wiki zikapita, miguu ikawa na nguvu, nikaona mwenyewe jinsi anavyoinuka kitini. Lakini kila siku njia iligeuka nyekundu mahali pale pale, kati ya kibanda cha chai na mashine ya kusaga, na hapo alikwama, akarudi. Mwalimu alitazama kioo na hakuelewa. Alidhani ni mlima. Mimi nikamwambia pale ni tambarare. Akadhani ni vumbi la unga. Akadhani simu imeharibika, akaleta nyingine. Nyekundu ikabaki pale pale.

Basi akaja kutembea naye. Mimi nilikuwa nyuma yao na beseni langu. Walipofika kwenye kibanda cha chai, mama chai akanyanyua kichwa.

"Jambo papa! Ulilala muzuri? Habari ya kifua?"

Mume wangu akasimama. Akajibu, akauliza habari za watoto wake. Kabla hajamaliza, mama wa mkaa akadakia.

"Papa, amakuru? Na nyumbani iko muzima? Na yaya yako wa Goma? Na kazi?"

Akajibu, akauliza na yeye. Kisha mwenye mashine ya kusaga, kisha vijana wa pikipiki, kisha mzee wa kanisani kwetu ambaye salamu yake ina sura na aya. Kwa watu wetu huwezi kupita mtu bila kumuuliza habari za nyumba nzima, na aliyeulizwa hawezi kujibu nusu, hata kama anakufa. Mume wangu alikuwa anatoa pumzi yake yote pale, neno kwa neno. Kila siku. Nilikuwa nimemwona kila siku, na sikuwa nimeona.

Mwalimu alisimama katikati ya barabara, simu mkononi, mdomo wazi. Kisha akanigeukia. "Mama," akasema, "huu ndio mlima."

Alimkalisha mume wangu kwenye benchi la kibanda, akaanza kuzunguka, mtu kwa mtu.

"Nawaomba msimsalimie huyu mzee akipita."

"Yesu! Tusimusalimie, amekosa nini?" mama chai aliuliza. "Ni mutu ya hapa, hapana mugeni!"

"Msalimieni kwa mkono tu. Mwacheni apite. Atawajibu akirudi, akiwa amekaa."

"Na mi nikitaka kujua habari ya kifua yake?"

"Mama, ukimuuliza habari ya kifua, wewe ndiye unakimaliza."

Watu walicheka. Mwenye mashine alisema daktari wa redio sasa anakataza hata jambo. Lakini asubuhi iliyofuata mume wangu alipotoka, mama chai aliinua mkono, mdomo umefungwa kabisa. Wa pikipiki wakainua mikono. Mama wa mkaa alisahau, akaanza, "Jambo papa, habari ya..." na mtaa mzima ukamzomea, "Shiii!" akajiziba mdomo na kitambaa chake. Yule mzee wa kanisani alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani.

Mume wangu alipita katikati yao. Mtaa wa Mbugangari, wenye kelele kuliko shule wakati wa kutoka, ulikuwa kimya, na kilichosikika ni viatu vyake na pumzi yake anavyoipuliza. Alipita kibanda, akapita mashine ya kusaga, akaendelea, hakugeuka. Nyumbani alikaa kitini, akavua viatu.

"Waliniachia njia," akasema, "kama vile niko nabeba kitu."

Siku ya Birere ilifika. Daktari alikuwa amemkubalia aende taratibu. Mwalimu alikuja na kiti cha kukunja cha nyumbani kwake, akatembea nyuma ya mume wangu, na kila mume wangu aliposimama, kiti kilikuwa tayari kimefunguliwa. Mpakani, kwenye foleni ya wanawake wenye nyanya na vitunguu, afisa alikitazama kiti.

"Hiki unakwenda kukiuza?"

"Ni cha kukalia."

"Nani anakalia?"

Mume wangu akakaa palepale, mbele ya afisa, kama jibu. Wanawake wa foleni wakacheka, wakamsogeza mbele na kiti chake.

Ng'ambo njia ina mawe meusi ya volkano na watu wengi. Niliona midomo yake imebadilika rangi. Mwalimu naye aliona, maana alikuwa anamtazama mabega muda wote. Mkono wake uliingia mfukoni, mahali alipoweka kile kifaa cha kidole. Nikasubiri autoe. Hakuutoa. Alifungua kiti, akangoja, akakikunja, tukaenda.

Dada alikuwa mlangoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Umechelewa," alimwambia mume wangu. "Sombe imepoa."

"Yaya, ni pumuzi njo ilinichelewesha."

"Ingia. Kula."

Alimshika mkono akamvuta chini kando yake, na hakuuachia hata alipokuwa akimlisha. Mwalimu alitaka kubaki nje. Yule mama alimfokea kuliko alivyofoka yeye mwenyewe kwenye masomo, naye akaingia, akala sombe ile, kisamvu kilichopoa.

Tulirudi siku ya tatu, polepole. Kabla mvua kubwa hazijaisha, homa ya mapafu ikamkamata mume wangu, akafa. Mwalimu alikuja msibani, akakaa na wanaume. Nilimtazama nikiwa na swali ambalo sikuweza kumuuliza mbele ya watu. Nilitaka kujua kama ni ile safari. Kama njia ya Birere ndiyo iliyomaliza pumzi zake zilizobaki, na sisi tulimsindikiza na kiti. Nililala na swali hilo na kuamka nalo.

Mwalimu alistaafu, na kwa muda mrefu sikumwona. Kisha mwaka huu nilikwenda Mahoko siku ya soko, nikamkuta anachagua viazi. Amezeeka. Mgongo umeinama kidogo, na kwapani ameshika mfuko mtupu. Aliniona, akanitazama mabega kama alivyozoea, kisha akaniamkia. Tukaulizana habari zote, kwa urefu wake. Halafu nikamuuliza. Nilimuuliza hivihivi, katikati ya magunia.

"Mwalimu, ile safari ndiyo ilimuua mume wangu?"

Mwenye viazi alijifanya anahesabu ndoo. Mwalimu aliweka kiazi alichokuwa ameshika.

"Sijui, Mama," alisema. "Homa ya mapafu inaweza kumpata hata aliyelala kitandani. Lakini sijui. Siku ile nilikuwa na kifaa mfukoni. Nilipoona midomo yake nilikishika. Nikaogopa kukitoa, kwa sababu kingeniambia nimrudishe, na mimi ningemrudisha. Kwa hiyo sikupima. Miaka yote nimewaambia watu wapime, na siku ile sikupima. Ndiyo maana siwezi kukujibu."

Angeweza kuniambia hapana. Ningemwamini. Ningekwenda nyumbani nikalala. Nilimtazama mzee yule aliyesimama kati ya viazi, anangoja nimhukumu, na sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile.

"Ungekitoa," nikamwambia, "asingekupa kidole."

Alifikiri.

"Asingenipa," akakubali.

"Angekupa changu."

Hapo alitabasamu kidogo. Akaniuliza kuhusu wifi yangu, kama bado yupo kule Birere. Nikamwambia yupo, ninamtembelea, na kila nikifika ananiuliza habari zake.

"Ananikumbuka? Ananiita nani?"

"Jina lako hakulishika. Anasema, 'Ule mutu alinileteya mudogo wangu, iko muzima?'"

Mwalimu aligeukia magunia. Alikaa hivyo kiasi kwamba mwenye viazi alianza kunitazama mimi, kama anayeuliza afanye nini. Kisha, akiwa bado amenipa mgongo, akauliza kwa sauti ya kazini:

"Na yeye mwenyewe anapumua vizuri?"

"Anapumua kutushinda sote," nikamwambia. "Anagombana na watu toka asubuhi hadi jioni, na hachoki."

Alicheka. Alicheka kwa nguvu, mbele ya soko zima, akafuta macho kwa mkono wa shati, akamwambia mwenye viazi amjazie mfuko.